Kabini ya Bi. Leokadia

Ndege yenyewe haikuwepo, lakini chai yake ilikuwa ya moto. Bi. Leokadia Rwegoshora aliibeba kwenye sinia akapita katikati ya viti kwa mwendo aliofundishwa akiwa msichana: magoti yamelegea kidogo, kiuno kimetulia, uso umekunjuka. Kulia na kushoto pangaboi za mabawani zilinguruma sauti moja nzito ya kubembeleza. Ndege iliruka chini chini, hata ukichungulia dirishani uliwaona mbuzi wakikikimbia kivuli chake, na mwanamke aliyekuwa akianika mtama juu ya mwamba akainua uso na kupunga mkono. Nchi ilipita polepole. Mle ndani hapakuwa na mtu mwenye haraka.

"Karibu chai, baba. Ya tangawizi au ya maziwa?"

Kijana wa kiti cha dirishani aliitwa Yustino Nandonde, fundi wa pampu za maji kutoka Masasi, na tangu waondoke alikuwa hajaacha kushangaa. "Nikisema zote mbili mtanifukuza?"

"Hapa hafukuzwi mtu."

"Usimsikilize, mama," alisema mkewe, Sihaba, aliyekaa ubavuni mwake na viatu amekwishavua. "Nyumbani chai anachemsha mwenyewe na halalamiki. Leo kapata wa kumdekeza."

"Niache nideke," Yustino akajibu. "Babu yangu alipanda ndege hizi. Kila Krismasi alitusimulia pangaboi mpaka tukamkimbia. Vitambaa vyeupe, rubani anatoka kukusalimia, mnatua Tabora kula kuku, mnapanda tena. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki kumsikiliza. Wenzangu walisema anatia chumvi."

"Hakutia," alisema Leokadia, akamkunjulia kitambaa mapajani. Na kwa jinsi mambo yalivyokuwa mle ndani, kweli hakutia.

Nje ya pale ukweli ulikuwa mwingine, na haukunukia tangawizi. Yustino alikuwa amelazwa chali, mikanda kifuani, sindano mkononi, ndani ya chombo cha chuma ambacho nchi nzima ilikiita kidonge. Alikuwa humo pamoja na mkewe na wengine ishirini na wawili, wakisukumwa kwa sumaku ndani ya bomba lililochimbwa ardhini kutoka Mtwara hadi Mwanza. Kidonge hakikuwa na dirisha wala nafasi ya kukunja goti. Naye Leokadia, ajuza wa miaka sabini na ushee mwenye goti bovu, alikuwa amejilaza kwenye kiti kirefu katika chumba kidogo cha kituo cha Dodoma, macho ameyafumba, waya mwembamba umemganda nyuma ya sikio.

Mabomba yalipoanza, abiria walisafirishwa wakiwa macho. Wengi walitoka wakipiga mayowe, na wengine hawakutoka na akili zao zote. Wataalamu wakajaribu kuwalaza usingizi mtupu. Abiria wakaamka wakilia bila kujua wanamlilia nani. Ndipo wataalamu wa Kampuni ya Mshale walipogundua kwamba mwili unakubali kupelekwa kama mzigo endapo akili itapewa safari nyingine ya kushikilia. Wakatunga ndoto za kompyuta, zikakataliwa, maana akili ya mtu aliyelala hutambua kitu cha bandia upesi kuliko ya aliye macho. Ilibidi kumbukumbu iwe ya mtu, tena mtu hai, aliyewahi kuwasafirisha wenzake kwa raha, naye awepo akikumbuka wakati ule ule. Huyo wakamwita mwenyeji. Na raha ya namna hiyo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, vichwani mwa wazee waliofanya kazi kwenye pangaboi, zile ndege zilizorudi angani zikinywa mafuta ya mbono baada ya ndege za kasi kupigwa marufuku dunia nzima.

Siku hizi kila mtu anazililia pangaboi. Wanazichora kwenye kuta za mahoteli, na sikukuu ikifika wanawavisha watoto sare za marubani. Leokadia akiwasikia moyo humchacha, maana yeye alikuwepo. Bomba la kwanza lilipofunguliwa, hao hao walikimbilia huko bila kugeuka nyuma. Safari yake ya mwisho aliruka na abiria watatu, na mmoja alikuwa fundi aliyekwenda kuipima ndege ile ile ili ikakatwe. Mabati yake yakaishia kwenye mabanda ya kuku. Hakuna aliyelia siku hiyo isipokuwa rubani, naye alilia akiwa amelewa.

Tena pangaboi wanayoililia siyo ile. Mafundi wa Mshale walipoichukua kumbukumbu ya Leokadia waliipepeta kwanza. Waliondoa matapishi. Waliondoa mtikisiko, na kelele iliyomuua sikio la kushoto, na joto la Tabora, na bwana mmoja mnene wa kiti cha mbele ambaye kila safari mkono wake ulipotea njia. Waliondoa siku ya Rukwa. Kuondoa huko hakukuwa kufuta. Kichwani mwake vyote vilikuwepo, ila waliviwekea mlango, wakamfundisha kutougusa akiwa kazini. Kanuni ya kampuni ilikuwa na maneno mawili tu: abiria hasumbuliwi. Hilo Leokadia hakuhitaji kufundishwa. Lilikuwa ndilo somo lake la kwanza la uhudumu, kabla hata hajaonyeshwa jinsi ya kufungua mlango wa dharura.

*

Alikuwa akimjazia Yustino kikombe cha pili aliposikia sauti ya Zamaradi katika lile sikio lake zima. Zamaradi alikuwa fundi wa zamu, binti mtulivu wa Kondoa, na hakuwa na desturi ya kumsemesha katikati ya safari.

"Mama, usishtuke. Kidonge chako kimesimama."

Leokadia hakumwaga hata tone. "Kimesimama wapi?" aliuliza kwa mdomo wa Dodoma, na ule wa kabini ukaendelea kutabasamu.

"Chini ya milima ya Rubeho. Sumaku zimeungua. Kuna moto ndani ya bomba, nyuma yake, na mtambo wa hewa umekufa."

Mlango wa chumba ukafunguliwa, na harufu ya manukato mazuri ikaingia. Huyo alikuwa Dokta Ombeni Mwaluko, mkurugenzi wa safari, mtu wa sauti laini aliyezaliwa mabomba yakiwa tayari yanafanya kazi na ambaye mezani kwake alikuwa na pangaboi ndogo ya mbao. Adabu haikumtoka hata kwenye moto.

"Shikamoo, Bi. Leokadia."

"Marahaba. Watu wangu wana hewa?"

"Ipo ya kuwatosha, wakilala. Aliyelala anavuta kidogo. Kikosi cha uokoaji kinatokea Kilosa. Kazi yako ni moja tu, mama: wasiamke."

"Kimeshaondoka?"

Zamaradi akamwahi Mwaluko kujibu. "Hakijatoka hata getini, mama. Ninaongea nao hapa."

"Zamaradi!"

"Hewa haitawangoja, Dokta. Hesabu umeiona mwenyewe." Kisha akamgeukia Leokadia, maneno yakimtoka mbio. "Mlango wa kidonge unafunguka kwa mkono, kwa ndani. Chini ya bomba kuna njia ya mafundi, na ngazi ya kupandia juu haiko mbali. Mtu mzima anaweza kutambaa akafika. Lakini awe macho."

"Basi waamshe, unangoja nini?"

"Siwezi. Waya wa kuamshia umeungua. Kilichobaki kati yetu na wao ni wewe tu."

Ndani ya kabini, Sihaba alikuwa amemlalia mumewe begani, na mumewe alikuwa akimwonyesha mto uliong'aa huko chini.

"Nisikilize, mama," alisema Mwaluko. Alivuta kigoda akakaa karibu naye kabisa. "Ukiwaamsha, wataamka gizani, kwenye joto, wamefungwa. Watakanyagana. Wapo watakaokufa pale pale. Wakilala wana nafasi. Ni ndogo, sikufichi, lakini ni ya wote." Akashusha sauti. "Na hata ikishindikana, wataondoka vizuri. Hawatajua lolote. Mimi ningepewa nichague, ningechagua kufa kwenye ndege yako, kikombe mkononi. Wewe hungechagua hivyo?"

Alisema kwa wema. Hilo ndilo lililomuudhi Leokadia kupita yote, kwamba haukuwa unafiki, ulikuwa wema hasa. Lakini mtu anayetegemea kikosi kifike hazungumzii namna ya kufa.

"Mimi hawakunituma niwachagulie kifo," alisema.

"Na kuwaamsha ni nini, mama? Huko nako si kuwachagulia?"

Leokadia alipiga moyo konde, akamgeuzia Mwaluko sikio bovu.

*

Alisimama mbele ya kabini, mahali pale pa kutolea matangazo, akakohoa kidogo.

"Mabibi na mabwana, naomba mnisikilize." Walimgeukia wote, nyuso zimelainika kwa shibe. "Hii siyo ndege. Mmelala ndani ya kidonge kilichokwama chini ya ardhi, na hewa inakwisha. Nawaomba mwamke, mfungue mikanda, mfungue mlango kwa mkono, kisha mtambae kwenye njia iliyo chini ya bomba."

Halafu bibi mmoja wa kiti cha nyuma akapiga makofi. "Jamani, mpaka maigizo! Mshale mwaka huu wamejitahidi!"

Watu wakacheka. Yustino aliinua kikombe chake juu. "Mama, nikishatambaa nikarudi, nitakuta mandazi yamebaki?"

Leokadia akayarudia yale maneno, polepole zaidi, kwa upole zaidi. Kadiri alivyoeleza ndivyo walivyozidi kustarehe. Mzee wa safu ya tatu alijivutia blanketi mpaka kidevuni akafumba macho. Hapo ndipo Leokadia alipojisikia mwenyewe. Ile sauti! Chuoni walifundishwa kutangaza moto kwa sauti ya kutangaza chakula cha mchana, na yeye aliiva katika somo hilo kuliko wenzake wote. Sasa alikuwa anawatangazia watu kifo, na wao walikuwa wanabembelezwa.

Akaikumbuka siku ya Rukwa. Injini ya kulia ilishika moto juu ya ziwa, naye akapita na chai mkono haumtetemeki, akiwaambia abiria ule moshi ni mawingu. Walitua kwenye majani Sumbawanga, wote wazima, wakampigia makofi. Maisha yake yote alijivunia siku hiyo. Hakuna aliyewahi kumwuliza alifanya nini nyuma ya pazia, kati ya safu moja na nyingine. Alikuwa akijiuma mkono asipige kelele, na sketi yake ilikuwa imelowa. Kabla mafundi wa Mshale hawajazaliwa, yeye mwenyewe alikuwa ameshaipepeta siku ile akabakiza makofi.

Aliliweka sinia sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani, akaenda akaufungua ule mlango aliofundishwa kutougusa.

Mtikisiko ulitangulia. Vikombe vilicheza mezani, vikaanguka, na ile sauti ya kubembeleza ikageuka kelele ya chuma kinachosagana, kelele ambayo ndiyo ilikuwa sauti ya pangaboi siku zote. Joto likafuata, na harufu ya matapishi, jasho na mafuta ya mbono. Bwana mnene akatokea kiti cha mbele, mkono wake ukaanza kutafuta. Kisha dirisha la kulia likawa jekundu. Leokadia hakwenda nyuma ya pazia safari hii. Aliacha woga wake wote umtoke mbele ya abiria, ule wa siku ile na wa siku zote alizotabasamu.

"Amkeni!" alipiga ukelele. Haukuwa wa mhudumu. Ulikuwa wa mwanamke anayeona nyumba ya jirani inaungua na watoto wamo. "Amkeni, mnakufa!"

Bibi wa nyuma alitoweka kwanza. Kiti chake kikabaki kitupu, mkanda unaning'inia. Akatoweka mzee wa blanketi. Mmoja baada ya mwingine walikatika, kila mmoja macho yamemtoka, na Leokadia aliwatazama usoni wote, kwani aliona hilo angalau anawiwa nao. Sihaba alikuwa amelishika shati la mumewe kwa mikono miwili. "Yustino, njoo! Njoo twende!" Akatoweka, na shati likabaki limekunjamana pale alipolishika.

Yustino hakuondoka. Woga uliowaamsha wenzake yeye ulimgandisha. Alikuwa amelikodolea macho bawa linalowaka, vidole vimezama kwenye kiti. Kati ya abiria wote yeye peke yake ndiye aliyeipenda ndege hii kwa moyo wake wote tangu utotoni, na sasa aliamini kwa moyo huo huo kwamba inaanguka naye.

Leokadia alimpiga kofi. Akamvuta, akamtikisa. "Hakuna ndege, baba! Ni uongo wangu! Hakuna ndege!"

"Ninaiona, mama," alisema Yustino.

*

Kumi na watano walitoka. Tisa hawakutoka. Kikosi kilifika baadaye, na hapo ndipo fitina ilipoanza. Kampuni ilisema hewa ingewatosha, ingetosha kwa kubana sana, kama isingevutwa na watu waliokuwa wakipiga mayowe. Zamaradi aliapa mbele ya tume kwamba isingemtosha hata kuku. Tume ilikaa, ikanywa maji yake ya chupa, ikatoa kauli ambayo haikumtia Leokadia hatiani wala haikumsafisha. Alisimamishwa kazi kwa maneno matamu. Mitaani wengine walimwita shujaa na wengine muuaji, na wale waliomwita shujaa waliendelea kusafiri na wenyeji wengine, ambao milango yao ilikuwa imefungwa vizuri.

Hata hivyo mchana, kituo kikipoa, Zamaradi alikuwa akimwingiza kwa mlango wa nyuma na kumfunga waya. Kwa maana lilikuwa limetokea jambo ambalo hata wataalamu hawakulitarajia. Kati ya wale tisa, wanane walikatika kutoka kabini kama wenzao, wakafia njiani gizani wakiwa na akili zao. Yustino alikufa angali amefungamana na kumbukumbu ya mwenyeji wake, na sehemu yake ilikuwa imebaki humo. Leokadia akifumba macho, humkuta dirishani. Kila mara humkuta kwenye moto, akipiga kelele, na kila mara huufunga ule mlango upesi, bawa likapona, na kijana akatulia akasahau.

Siku moja, akiwa hajafungwa waya bado, mlango wa mbele ulifunguliwa. Mwaluko, ambaye kumbe habari za mlango wa nyuma alizijua, aliusukuma, akampisha mwanamke aliyejitanda kanga nyeusi, yeye akabaki kizingitini.

"Shikamoo, mama," alisema Sihaba.

"Marahaba, mwanangu. Pole."

"Pole nimepewa nyingi. Sikuja kuchukua nyingine." Hakukaa kwenye kigoda alichosogezewa. "Nilipoamka nilimfungua mikanda nikamburuta mpaka mlangoni. Macho yake yalikuwa wazi. Nilimwita jina lake, nikamwita majina yetu ya ndani. Alinitazama, mama, na hakuniona. Alikuwa anauona moto wako. Alikuwa analia kama mtu anayeanguka kutoka juu. Joto likanishinda, nikamwachia."

Usiku mwingi Leokadia alikuwa ameshajitungia maneno ya kumwambia mwanamke huyu, na yote yalimpotea.

"Naambiwa yuko kwako," Sihaba aliendelea.

"Nani kakwambia?"

"Dokta. Narudi Masasi leo, na njia ni bomba tu, barabara zimeota miti. Kaniambia naweza kusafiri naye. Kwamba wamepata namna ya kumpepeta, moto haumo, atakuwa vile vile alivyokuwa anakunywa chai na kunitania. Wanachongoja ni wewe ukubali kurudi kitini."

Leokadia alimtazama Mwaluko, na Mwaluko akatazama viatu vyake. Zamaradi alikuwa amekwisha kumnong'oneza habari hiyo wiki iliyopita, kwamba picha za matangazo ziko tayari: kiti cha dirishani, na ubavuni mwake kiti kitupu kinachomngoja mteja. Leo ni Sihaba. Kesho wangeletwa wagonjwa wafie hapo kituoni wamefungwa nyaya, ili wabaki kabini wakitembelewa na watu wao. Na watu wangekuja, kwa maelfu, wakishukuru.

"Aliyepepetwa siye mumeo," alisema. "Ni mwanasesere. Atakuchekea, atakutania, na wala hatajua kwamba umefiwa."

"Mimi nataka anichekee."

"Yustino ninaye mzima. Alivyocheka, na alivyokufa. Nikimwingiza, nitamwingiza mzima. Ukimtaka hivyo, jilaze sasa hivi, nitakufikisha Mtwara mimi mwenyewe na sitakuacha peke yako hata kidogo."

"Na ule mwisho?"

"Na mwisho wake."

Sihaba alipojibu hakupandisha sauti, na Leokadia angefurahi mno kama angepandisha.

"Ulituamsha bila kutuuliza. Leo nimekuja kwa miguu yangu, nina akili zangu timamu, nakuomba unilaze. Unanikatalia. Hivi, mama, ni lini na sisi tutakuwa na neno?"

Leokadia angeweza kumwambia kuhusu matangazo na wagonjwa na nyaya, na yote yangekuwa kweli, na hakuna hata moja ambalo lingekuwa jibu la swali aliloulizwa. Jibu lilikuwa kwamba aliona anajua kuliko wao. Siku ile aliona hivyo, na hata leo aliona hivyo.

"Ule mwisho niliuona," alisema Sihaba. "Siutaki mara ya pili."

Alijifunga kanga yake vizuri, akachukua mkoba. Chumba cha jirani kilikuwa na mwenyeji mwingine, mzee mmoja wa Songea ambaye kabini yake ilisifiwa nchi nzima kwa korosho za kukaanga, na kidonge chake kilikuwa kinakaribia kuondoka. Mwaluko alimfungulia mjane mlango kwa heshima zote. Kisha akageuka, akamwaga Leokadia, akasema, "Fikiria tu, mama, hatukuharakishi," akaufunga taratibu.

"Mama, twende nyumbani," alisema Zamaradi.

"Nifunge waya."

"Leo pumzika."

"Nifunge, mwanangu. Yuko peke yake."

Zamaradi alimfunga. Leokadia akafumba macho na kumkuta kwenye moto, amelikodolea bawa, anapiga kelele ile aliyoieleza mkewe. Akakimbilia mlango, akaufunga, akauegemea kwa mgongo mpaka kelele ikaisha. Dirisha likaingiza jua. Chini kulikuwa na mbuga na mto, na pangaboi zikaanza tena kubembeleza. Yustino alijifuta paji la uso kwa kitambaa, akashangaa kidogo kwamba ametoka jasho. Kisha akageuka, akakiona kiti kilichokuwa kitupu ubavuni mwake.

"Mama," aliuliza, "mke wangu yuko wapi?"

Bi. Leokadia alikuwa na ukweli wote mdomoni. Muda mfupi tu uliopita alikuwa ameupigania mbele ya mjane, kwa ukali, bila kumhurumia. Kijana alimwangalia akingoja, na wasiwasi ulikuwa umeanza kumwingia machoni.

"Anakuja, baba," alimwambia, kwa ile sauti. "Wewe jipumzishe. Anakuja."